Walevi wa Daraja la Tatu

Aproni ya serikali nimeivua, nimeifua, nimeirudisha, na sina hamu ya kuiona tena. Lakini nyinyi wasichana mlioingia wodini nyuma yangu mliniuliza maswali mengi siku ile ya kuniaga, na mimi nilikuwa na pilau mdomoni. Sasa mdomo uko wazi. Nitawaeleza kazi, si vyeo, maana cheo nilichoingia nacho ndicho nilichotoka nacho: mhudumu wa wodi, ndoo mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto. Kusoma nilisoma chuoni kwa maalimu, juzuu chache, na herufi za Kizungu nilizipata kwenye chupa za dawa. Kwa hiyo mkiona neno nimelikosea, jueni halikuwa la sumu. Ya sumu nayajua yote.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa brashi, sabuni ya mche na Bi Kidawa. Brashi iliisha, sabuni iliisha, Bi Kidawa alidumu. Alikuwa mhudumu mkongwe, mfupi, mwenye pua pana, na pua hiyo ndiyo iliyomweka mjini. Aliniambia, "Mwanaidi, madaktari watakuja na watakwenda na vipimo vyao. Wewe shika pua yako. Mgonjwa akilala hapo, kabla hujamfunika shuka, mnuse." Nikadhani ananitania. Kumbe ndiyo kazi. Alinifundisha harufu ya kidonda kilichooza na kinachopona, harufu ya mwenye njaa, na harufu ya mtu aliyetafuna karafuu kwa maumivu ya jino na yule aliyezitafuna kuficha alichokunywa. Huyu wa pili huzitafuna nyingi mno, kama anapika biriani kinywani.

Nawaambia mapema: hapa kwetu Bagamoyo hakuna anayekunywa. Muulizeni yeyote. Sisi sote Waislamu, msikiti umejaa. Ila kila mnazi umening'inizwa kibuyu cha tembo, na kila jioni vibuyu hivyo huwa vitupu. Labda ni popo.

Enzi za Bi Kidawa mlevi wa hospitali alikuwa mtu aliyeanguka mnazi. Mgema alipanda na kibuyu, akaonja hukohuko juu, akashuka kwa njia ya mkato. Tulimfunga banzi, tukamlaza, na hakuna aliyeuliza alikunywa kiasi gani, maana mnazi ulikuwa umeshamhukumu. Bi Kidawa ndiye aliyenifundisha kuwa tembo la asubuhi ni tamu, mtoto anaweza kulinywa akaenda chuoni, na tembo la jioni ni kali, linamtoa mtu kwa mkewe. "Mtu akikwambia nimekunywa kata moja," alisema, "muulize ya saa ngapi."

Kisha vita ya pili ikaisha, vijana wakarudi kutoka Burma wamejifunza kuendesha magari, na barabara ya Dar es Salaam ikajaa malori ya chumvi, ya mbata na ya samaki wakavu. Hapo mlevi wa mnazini akapata mwenzake wa garini. Polisi walituletea dereva aliyegonga kitu, dresa, yule mfunga vidonda wetu, akamnusa, akasema "kanywa" au "hakunywa", basi. Aliyelamba na aliyeogelea walihukumiwa sawasawa. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu aliyeogelea alijiona amepata nafuu na aliyelamba hakusikilizwa.

Akaja daktari mpya. Kijana wa Kizungu, mwembamba, shingo imeiva kama nyanya, na mikono safi kuliko yote niliyoiona kabla au baada. Huyu hakupenda mambo ya kunusa. Siku hizi nasikia huko Dar es Salaam wanamtoa dereva damu, wanaipeleka kwa wataalamu, na damu yenyewe inasema pombe ni nyingi au chache, na adhabu inakatwa kwa kadiri hiyo. Wakati wetu damu ya mlevi ilikaa mwilini mwake. Daktari alipima miguu, vidole na adabu. Alituita barazani akatuambia kuwa kosa si kunywa, kosa ni kiasi, na kuanzia siku hiyo ulevi una madaraja matatu.

Daraja la kwanza, mtu ananuka lakini miguu yake inamtii: faini na onyo. La pili, ananuka na anayumba: faini kubwa, na leseni inalala kabatini kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, miezi mingi. La tatu, ananuka na adabu imemtoka, anatukana, anashika vitu vya watu: jela, na leseni inafutwa asiendeshe tena maisha yake. Yalikuwa kama madaraja ya gari moshi, ila huku walioshika la tatu ndio waliosafirishwa mbali zaidi.

Vyombo vya kazi vilikuwa hivi: chaki ya kuchorea mstari sakafuni, kifungo cha shati cha kuokota, sindano na uzi wa kutunga. Mstari nilichora mimi, kila mara, kutoka mlango wa dawa mpaka nguzo. Sakafu ya baraza ile ilikuwa imetitia upande mmoja. Ndoo ukiiacha pale bila kuishika inaondoka yenyewe. Nilimwambia daktari. Akasema mtu mwenye akili timamu atajirekebisha. Mimi ndoo yangu nikaendelea kuiwekea jiwe.

Wa kwanza kupandishwa kwenye mstari alikuwa Mzee Kombo wa Mlingotini, dereva wa gari la samaki. Alikuwa amegusa ukuta wa mtu, akanuka kidogo. Sasa Mzee Kombo alikuwa na busha, na si la kificho, kanzu ilikuwa inatangulia kufika kabla yake. Daktari akamwambia, "Weka miguu pamoja, utembee, kisigino mbele ya kidole."

Mzee Kombo akamtazama kwa huruma. "Bwana mkubwa, miguu hii haijaonana siku nyingi. Nikiikutanisha leo, itasalimiana mpaka kesho."

"Tembea!"

Akatembea kama bata aliyebeba maboga. Daraja la pili. Leseni kabatini. Haukupita muda daktari huyohuyo akampasua lile busha, kazi nzuri kabisa, mshono mwembamba kama wa fundi wa Kihindi. Mwendo alimrudishia. Leseni hakumrudishia, kwa sababu, alisema, mambo hayo mawili ni idara mbili.

Na msidhani mstari ule ulikuwa wa kila mtu. Bwana mmoja mkubwa wa serikali alitoka kwenye klabu yao mchana kweupe akaingiza gari lake kwenye nguzo ya lango letu, nguzo ikalala. Nikakimbilia chaki. Daktari akanitazama, nikairudisha mfukoni. Yule bwana alipewa kiti, chai, na gari la kumpeleka nyumbani. Kesho yake akaja fundi kuisimamisha nguzo, na kuisogeza ndani kidogo, maana ilionekana kosa lilikuwa lake.

Sasa nifike kwa Maganga, maana huyo ndiye mliyemuulizia.

Maganga alikuwa Mnyamwezi, dereva wa lori la chumvi, kifua kama mlango. Mimi ni Mkwere, na dresa wetu Mwinshehe alikuwa Mkwere pia. Kwa nyinyi mliokuja juzi mjini, nieleze: sisi na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, walipokuwa wakishuka kutoka bara na pembe za ndovu vichwani kuja kupumzikia hapa kwetu. Mtani humtukana mtani mwenzake hadharani, hata msibani, na humchukulia kitu chake akaondoka nacho, na mwenye kitu hana ruhusa ya kununa. Ukimsalimia mtani kwa upole atadhani umefiwa.

Siku hiyo asubuhi Maganga alisimama Mapinga kulipoza lori. Lori likanywa maji, dereva akanywa kata moja ya tembo. Alipoondoka, mbuzi wakakatiza barabara, akawakwepa, akaingia na chumvi yake kwenye shamba la mihogo. Hakuna aliyeumia ila mihogo. Lakini koplo alimnusa, akamleta kwetu.

Nilichora mstari. Nilimnusa wakati nikipita: tembo la asubuhi, tamu, la kunywa mtoto. Daktari akakaa na karatasi yake; Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, kikikimbia hakikamati, kwa hiyo Mwinshehe akasimama kufasiri, amevaa sare nyeupe na kofia yake ya kazi. Daktari akasema, mwambie atembee.

Mwinshehe akafasiri kwa jinsi yetu. "Haya mpagazi, pita kwenye mstari huo. Usitafute mzigo, leo hakuna wa kukutwisha."

Maganga akapita kwenye mstari ule, juu ya sakafu ile iliyotitia, kama paka juu ya ukuta. Alipofika kwenye nguzo akageuka. "Nimefika, Mkwere. Wewe ungefika kesho. Kwenu hata jogoo huwika adhuhuri."

"Babu yako alipofika hapa akaona bahari, akauliza nani kamwaga maji yote haya!"

"Na babu yako akamjibu, si mimi, mimi nilikuwa nimelala!"

Mimi na chaki yangu nilikuwa nimeegemea ukuta, sina nguvu kwa kucheka. Maganga akaokota kifungo, akatunga uzi kwenye sindano kwa mara moja, jambo ambalo mimi mwenyewe linanishinda mpaka leo, halafu akanyoosha mkono akamvua Mwinshehe kofia, akaivaa yeye. "Hii nimeitwaa. Nenda kashitaki kwa mama yako."

Daktari hakucheka. Ya Mwinshehe aliyadhani tafsiri; ya Maganga alikuwa anayaandika. Mtu hakuyumba, hakuangusha kifungo, na uzi umo ndani ya sindano. Lakini ananuka, anatukana wafanyakazi na ananyang'anya mali ya serikali. Daraja la tatu.

Mwinshehe alipoona karatasi, kicheko kikamfia. "Bwana daktari, huyu ni mtani wangu."

"Mtani ni nini?"

"Ni kama... ndugu."

"Ndugu yako anakutukana?"

"Ndiyo, bwana."

"Anakuibia kofia?"

"Ndiyo, bwana."

"Na wewe unafurahi?"

"Sana, bwana."

Daktari akasogea akamnusa Mwinshehe naye. Hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona akitumia pua.

Mtaniuliza kwa nini Mwinshehe hakusema wazi kwamba yeye ndiye aliyeanza kutukana. Alikuwa na watoto, ndiyo sababu. Daktari alikuwa ametangaza kuwa mfanyakazi atakayemtolea mgonjwa neno chafu, sare avue siku hiyohiyo. Kwa hiyo ikawa hivi: Mwinshehe akisema, anakosa kazi. Asiposema, Maganga anakwenda jela, na usukani hatashika tena.

Hospitali ndiyo iliyokuwa ikiwapikia mahabusu, nami ndiye niliyepeleka sufuria. Nilimkuta Maganga amekaa chini, magoti yamefika kidevuni.

"Shikamoo, bibi," akaniambia.

Nikashtuka. "Marahaba. Mbona unaniamkia? Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi tukana kidogo, nijue u mzima."

Hakutukana. Akasema, "Bibi, babu yangu alikuja Bagamoyo na pembe kichwani, akarudi na shingo iliyopinda. Baba yangu alibeba magunia ya katani. Mimi ndiye wa kwanza kwetu kuja pwani nimekaa. Nimekaa, bibi! Mzigo uko nyuma yangu, mimi niko kwenye kiti. Wakinifutia leseni, jela si kitu, nitatoka. Lakini nikitoka, narudi kubeba kwa kichwa."

Nilimwachia uji nikaondoka.

Siku ya kesi tulikwenda bomani. Mezani alikaa Bwana Shauri, ambaye ndiye aliyekuwa hakimu wa mambo ya barabara, na pembeni yake Liwali, mzee wa Kiarabu wa hapahapa mjini, aliyewekwa pale kueleza desturi zetu na ambaye mara nyingi hakuulizwa. Daktari akasoma karatasi yake. Mwinshehe akaulizwa kama ni kweli alitukanwa na kuvuliwa kofia. Akasema ni kweli. Halafu nikaitwa mimi, mwenye chaki.

Bwana Shauri alizungumza Kiswahili cha vitabuni, kila neno limepigwa pasi. "Mama, ulimwona mshitakiwa akitwaa kofia?"

"Nilimwona."

"Ulimsikia akitukana?"

"Nilimsikia. Alitukana vizuri sana."

"Mtu aliye timamu anaweza kufanya hivyo?"

Nikamtazama Mwinshehe. Jasho linamtiririka mpaka kwenye kola. Nikitamka nani alianza, nimemvua sare. Nikamtazama Maganga, amesimama kati ya askari wawili, macho chini, kama mtu anayepima mzigo atakaotwishwa. Basi nikamwacha Bwana Shauri na swali lake, nikageukia kizimba, nikaweka mikono kiunoni.

"Hebu mtazameni! Kichwa bapa kama kibao cha kusukumia chapati! Mmebebeshwa mizigo mpaka vichwa vimeingia mabegani, sasa umepewa gari nalo unalipeleka kulisha mihogo! Ungelitwika kichwani tu, ndicho ulichozoea!"

Nilijua nimegusa pale alipoumia, na nilikusudia. Utani usiouma hauiti jibu. Maganga aliinua macho. Nilimwona anapima: akinyamaza, atabaki mstaarabu mbele ya hakimu, na karatasi ya daktari itabaki kuwa kweli. Akijibu, pengine anajimaliza. Midomo ikamcheza.

Akajibu. Alhamdulillahi, akajibu.

"Wewe bibi Mkwere, uso kama kifuu cha nazi kilichosahauliwa mvuani! Nyinyi mngepewa gari mngelitandikia mkeka mkalala ndani! Na hiyo kanga yako nikitoka hapa naitwaa, nifungie turubai la lori!"

"Njoo uitwae, utakutana na mchi!"

"Huo mchi mnautwangia nini, na nyinyi mnangoja mpunga ujitwange wenyewe?"

Watu walipasuka. Askari mmoja, naye Mnyamwezi, aligeukia ukuta mabega yakimtikisika. Bwana Shauri akapiga meza. "Huyu mtu amelewa tena! Nani amempa pombe?"

Koplo akasimama wima. "Hakuna, bwana. Tangu tumfunge anakunywa maji na uji wa hospitali."

"Una hakika?"

"Mnuse, bwana."

Bwana Shauri hakumnusa, alikuwa na heshima zake. Lakini alimgeukia Liwali, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mzee wa watu alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kilemba. Akasema, "Bwana, hawa ni watani. Wakipendana ndivyo wanavyosema. Akiwa amekunywa atatukana hivi, akiwa hajanywa atatukana hivi. Tembo halikuongeza kitu. Kama unataka kupima ulevi wake, mpime kwa miguu."

Karatasi ikasomwa tena, safari hii sehemu ya miguu. Hakuyumba. Sehemu ya vidole. Hakuangusha. Bwana Shauri akakuna kidevu, akakata kwa kalamu nyekundu, akaandika upya: daraja la kwanza. Faini, onyo, leseni abaki nayo.

Maganga alifumba macho. Nikadhani anaomba dua.

Lakini hakimu hakuwa amemaliza. Kwa fujo na matusi mbele ya baraza, Maganga akapewa wiki nzima ya kukata majani ya boma chini ya ulinzi, na mimi nikatolewa nje nimeshikwa mkono kama mwizi wa kuku. Liangalieni jambo hilo: kwa kunywa alilipa faini na kwa kuwa mzima akafungwa. Watu wa sheria wataweza kuwaeleza. Mimi sikuelewa na sikuuliza.

Daktari hakushawishika hata kidogo. Alirudi akafungua vitabu vyake, akaniambia hakuna pahali palipoandikwa maradhi ya namna hiyo. Mwinshehe aliendelea na sare yake mpaka alipohamishwa, na tangu siku ile dereva wa Kinyamwezi akiletwa, Mwinshehe anakumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa wa haraka wodi ya nyuma. Kazi ya kufasiri ikaniangukia mimi. Niliifasiri kwa adabu, "Tafadhali, baba, tembea," na walioletwa waliniangalia kwa wasiwasi, wakadhani wako katika hali mbaya sana.

Maganga alipomaliza majani yake alirudi kwenye lori. Asubuhi moja nilikuwa nadeki baraza, daktari amesimama mlangoni anakunywa kahawa yake, tukasikia honi toka mbali. Lori la chumvi likapunguza mwendo mbele ya lango letu, na Maganga akatoa kichwa dirishani, amekaa vizuri kwenye kiti chake.

"Wewe kizee cha Kikwere! Bado hujafa? Jogoo wenu hajawika tu?"

"Pita huko, kichwa bapa! Chumvi inakuyeyukia!"

Akacheka mpaka honi ikalia yenyewe, akakunja kona taratibu, hakugusa hata jani.

Daktari alishusha kikombe, shingo imeanza kuiva. "Mwanaidi, yule mtu amelewa?"

"Hapana, bwana," nikamwambia, nikakamua kitambaa changu. "Yule ni mzima kabisa. Siku akipita hapa kimya, ndiyo umkamate."